Mwongozo wa kukusanya sarafu za shaba za kantoni za Uswisi

Neno hela tumelipata kwa Wajerumani. Heller ilikuwa sarafu ndogo waliyoanza kuipiga mwaka 1904 kwa ajili ya koloni lao la Afrika Mashariki, na heller 100 zilifanya rupia moja. Wajerumani nao jina hilo walilirithi kutoka mji wa Hall huko Swabia, kusini mwa Ujerumani, ambao vijisenti vyake vya kale vilienea mpaka jina la mji likawa jina la fedha. Sasa ukifika Zürich ukafunguliwa sanduku la sarafu kuukuu, haitachukua muda utakutana na kijisarafu chembamba kilichoandikwa 3 HALLER. Ndiyo hela ile ile, ndugu yake aliyebaki nyumbani.

Mimi niliingia kwenye ukusanyaji huu kupitia mlango huo. Nilikuwa natafuta heller za Tabora, nikaishia na kisanduku cha sarafu za Uswisi ambazo hakuna mtu niliyemfahamu aliyezijali. Yafuatayo ni mambo ambayo ningependa mtu aniambie kabla sijatoa faranga yangu ya kwanza.

Kwanza jua unakusanya nini

Uswisi ni shirikisho la kantoni, yaani majimbo yanayojitawala, na kabla ya 1850 karibu kila kantoni ilikuwa na fedha yake. Bern ilipiga zake, Luzern zake, Geneva zake. Ongeza na maaskofu: askofu wa Basel na askofu wa Chur walikuwa na sarafu tofauti kabisa na za miji yao. Abasia (makao ya watawa) ya St. Gallen ilikuwa na zake na mji wa St. Gallen zake. Hata mabwana wadogo wa Haldenstein, kijiji tu karibu na Chur, walikuwa na haki ya kupiga fedha. Mchuuzi aliyevuka milima kutoka Ticino kwenda Zürich alibadilisha hesabu njiani zaidi ya mara moja.

Kwa mkusanyaji, historia hiyo ndefu inakatika vipande vichache. Kipande cha kwanza ni kila kitu cha kabla ya 1798, yaani Shirikisho la zamani, lenye maandishi mengi ya Kilatini. Cha pili ni Jamhuri ya Helvetia, 1798 hadi 1803, iliyoundwa Wafaransa walipoivamia nchi. Sarafu zake zimeandikwa HELVET. REPUBL., nazo ndizo za kwanza kuleta hesabu moja kwa nchi nzima: frank 1 ni batzen 10, na batzen 1 ni rappen 10. Cha tatu ni 1803 hadi 1850, kantoni ziliporudishiwa haki zao na karibu kila moja ikaanza kupiga upya. Mwaka 1848 ikaja katiba ya shirikisho, tarehe 7 Mei 1850 ikapita sheria ya fedha, kisha sarafu za zamani zikaitwa zirudi. Makumi ya mamilioni yalikusanywa na mengi yakaishia kwenye tanuri. Faranga moja mpya ilihesabiwa kuwa sawa na batzen 7 hivi za zamani.

Ushauri wangu ni kuanza na kipande cha tatu. Maandishi yake yanasomeka, sarafu zipo nyingi, bei zake hazitishi, na unaweza kupata kantoni nyingi bila kuuza shamba.

Majina na hesabu, kwa ufupi

Utakutana na angster, haller, rappen, kreuzer, batzen, schilling, denari, soldi na centime. Graubünden wana blutzger yao. Usijaribu kukariri yote kwa siku moja. Shika haya machache.

Batzen 1 ilikuwa rappen 10, lakini kwa hesabu ya zamani ilikuwa pia kreuzer 4. Gawanya mwenyewe: kreuzer 1 ni rappen 2½. Ndiyo maana utaona sarafu imeandikwa 2½ RAPPEN, jambo linalomshangaza kila mgeni. Ilikuwa kreuzer iliyovalishwa nguo mpya. Zürich ilihesabu gulden 1 kuwa schilling 40, na schilling 1 kuwa haller 12, kwa hiyo ile haller 3 ni robo ya schilling. Luzern nako gulden ilikuwa schilling 40, ila schilling yao ilikuwa na angster 6. Ticino walifuata hesabu ya Kiitalia, soldi na denari. Geneva, waliokuwa wakiitazama Ufaransa kila siku kutoka dirishani, mwishoni mwa miaka ya 1830 wakahamia kwenye faranga na centime.

Husemwa kwamba rappen ni mzaha. Sarafu za Freiburg ya Ujerumani zilikuwa na kichwa cha tai, na watu wakasema huyu si tai bali kunguru, ambaye kwa Kijerumani cha kule zamani aliitwa Rapp. Jina likaganda mpaka leo: senti ya Uswisi bado inaitwa rappen.

Shaba au biloni?

Hapa ndipo wanaoanza wanapolizwa, kwa hiyo nitakaa kidogo. Wauzaji wengi, hasa wa mtandaoni na wa minada ya barabarani, huita kila kijisarafu cheusi shaba. Sivyo. Sehemu kubwa ya sarafu ndogo za kantoni ni biloni (si bilioni, tafadhali), yaani fedha kidogo iliyochanganywa na shaba nyingi. Batzen ni biloni. Nusu batzen ni biloni. Haller 3 za Zürich, pamoja na mapenzi yangu yote kwake, ni biloni.

Shaba nyekundu halisi utaitafuta zaidi kwenye angster na rappen za Luzern, angster na rappen za Schwyz, zile za Zug, denari 3 na denari 6 za Ticino, na centime 1 na 2 za Geneva. Hizo pekee zinatosha kukushughulisha miaka kadhaa.

Utazitofautishaje bila kukwaruza? Kwa kuangalia mahali palipochakaa. Sarafu ya biloni ilipotoka kiwandani ilikuwa imechovywa kwenye asidi ili shaba ya juu iondoke, ibaki sura nyeupe ya fedha. Mikono ya watu iliondoa weupe huo kwanza pale palipoinuka. Kwa hiyo biloni iliyotumika huwa na wekundu kwenye vilele, kwa mfano mgongo wa dubu au ukingo wa ngao, na kijivu cheupe kwenye mabonde kati ya herufi. Shaba halisi haina mabaki hayo ya kijivu. Ni kahawia kilele na bonde, mabondeni ikikolea tu kama kahawa iliyoungua. Ielekeze kwenye mwanga wa dirishani, si wa taa, uizungushe polepole. Ukishaona tofauti hiyo mara kumi, hutahitaji kuambiwa tena.

Je, biloni uikatae? Hapana. Ila ujue unacholipia.

Kusoma ngao

Sarafu nyingi za kantoni hazina kichwa cha mfalme. Zina ngao upande mmoja na thamani upande wa pili. Nyingine haziandiki hata jina la kantoni kwa ukamilifu. Ukijua kusoma ngao, utapekua sanduku la mwuzaji kwa dakika tano wakati wenzako bado wanatafuta kwenye simu.

Zenye wanyama na vitu ni rahisi. Dubu anayetembea ni Bern. Dubu aliyesimama kwa miguu miwili pamoja na herufi V na R ni Appenzell Ausserrhoden. Kichwa cha fahali mwenye pete puani ni Uri. Kondoo dume ni Schaffhausen. Simba wawili ni Thurgau. Bakora ya askofu, iliyochorwa kama ndoano nene, ni Basel. Nusu tai na ufunguo ni Geneva. Fimbo zilizofungwa kwa mshipi pamoja na shoka ni St. Gallen. Nyota tatu na mto wenye mawimbi ni Aargau. Ukiona maneno LIBERTÉ ET PATRIE, uko Vaud. Ngao tatu kwa pamoja ni Graubünden, kwa sababu kantoni hiyo iliundwa na miungano mitatu.

Kazi iko kwenye ngao zisizo na mnyama, zile zilizogawanywa kwa rangi tu. Shaba haina rangi, sasa utajuaje? Wachongaji walikuwa na lugha yao tangu karne ya 17. Mistari ya kusimama maana yake nyekundu. Mistari ya kulala maana yake buluu. Mistari inayokatizana kama wavu ni nyeusi. Vitone ni dhahabu. Pasipo na kitu ni nyeupe, yaani fedha.

Chukua lenzi ujaribu. Ngao imegawanywa katikati kutoka juu hadi chini, nusu ina mistari ya kulala na nusu iko tupu: buluu na nyeupe, Luzern. Imegawanywa vile vile, lakini nusu moja ina mistari ya kusimama na nyingine ya kulala: nyekundu na buluu, Ticino. Mgawanyiko ni wa mshazari, upande mmoja una mistari ya kulala: Zürich. Imekatwa kwa mlalo, juu mistari ya kusimama, chini tupu: nyekundu juu ya nyeupe, Solothurn. Imekatwa kwa mlalo, juu wavu, chini tupu: nyeusi juu ya nyeupe, Fribourg. Ngao nzima mistari ya kusimama: Schwyz.

Nakumbuka siku nilipopata sarafu iliyosagika, herufi zote zimekwenda, mwaka umekwenda. Mwuzaji alikuwa ameitupa kwenye bakuli la vyuma chakavu. Chini ya lenzi, kwenye kona moja tu ya ngao, kulikuwa na mistari minne ya kusimama na pembeni yake mitatu ya kulala. Ticino. Mistari saba, nayo ilitosha.

Tahadhari moja: mchongaji wa kijijini hakufuata kanuni sikuzote, na sarafu za kabla ya karne ya 17 hazifuati kabisa. Kwa hizo za zamani tegemea Kilatini: TURICENSIS au THURICENSIS ni Zürich, BERNENSIS ni Bern, LUCERNENSIS ni Luzern, TUGIENSIS ni Zug, SOLODORENSIS ni Solothurn, SUITENSIS ni Schwyz, URANIENSIS ni Uri. FRIBURGENSIS ikutie shaka mpaka uthibitishe, maana kuna Fribourg ya Uswisi na Freiburg ya Ujerumani, na zote mbili zilipiga sarafu.

Ukiona ngao upande mmoja na upande wa pili msalaba wenye herufi C katikati, usiuite wa ajabu. Ni sarafu za mapatano ya 1825. Bern, Basel, Solothurn, Aargau, Fribourg na Vaud zilikubaliana kupiga fedha zenye upande mmoja unaofanana ili zipokelewe kwa wenzao. C ni ya Concordat, yaani mapatano. Ni shirikisho la fedha lililofanyiwa mazoezi robo karne kabla ya lile lenyewe, na sita hizo zikipangwa mstari mmoja zinapendeza kweli.

Chagua njia yako

Usikusanye kila kitu. Watu wananunua kila kinachong'aa, mwaka wa pili wana kilo mbili za vyuma na hawana mkusanyiko.

Njia ninayompendekezea mtu wa kwanza ni sarafu moja ya kila kantoni iliyopiga, ile ya thamani ndogo kabisa unayoweza kuipata, kati ya 1803 na 1850. Ina mwanzo na mwisho, inakulazimisha ujifunze ngao zote, na inakaa kwenye trei moja. Baadaye utaona mwenyewe moyo umeangukia wapi. Wengine huchukua aina moja, tuseme angster ya Luzern, wakaifuata mwaka kwa mwaka. Hiyo ni kazi ya subira, na hapo ndipo utaanza kugombana na nafsi yako kuhusu chapa mbili za mwaka mmoja ambazo jani moja la shada limeinama tofauti. Mimi bado sijafika huko, ingawa nimeanza kuangalia majani.

Unaweza pia kufunga mkusanyiko kwa rappen 1 na 2 za shirikisho za 1850. Hizo zilipigwa nje ya nchi kwa sababu Uswisi haikuwa tayari: herufi A ni Paris. Rappen 5, 10 na 20 za mwaka huo zina BB, yaani Strasbourg.

Vifaa

Lenzi ya kukuza mara 10. Mizani ya kidijitali ya sonara inayosoma mpaka sehemu ya mia ya gramu. Kalipa (kifaa cha kupimia kipenyo) ya plastiki, si ya chuma, ili usikwaruze. Kitambaa laini mezani, maana sarafu itakuponyoka, na sakafu ya saruji haina huruma. Basi.

Kuhusu mizani, neno moja. Wanaozoea sarafu za kisasa hushtuka wakiona rappen mbili za kantoni moja na mwaka mmoja zinatofautiana uzito waziwazi. Viwanda vya zamani vilipima sarafu ndogo kwa jumla: ratili hii ya shaba itoe sarafu kadhaa. Moja moja hawakuzipima. Kwa hiyo uzito uliopungua kidogo si ushahidi wa kughushi. Wasiwasi uanze tofauti inapokuwa kubwa, au ukingo unapoonyesha mstari wa kuunganisha kana kwamba ni vipande viwili vilivyomiminwa.

Kwa vitambulisho utahitaji namba za katalogi. Wauzaji wa Uswisi hutumia katalogi iitwayo HMZ, na kwa karne ya 19 mara nyingi DT, yaani ya Divo na Tobler. Wauzaji wa kimataifa hutumia KM, yaani ya Krause na Mishler. Tangazo likisema Luzern, KM na namba, tafuta namba hiyo kwenye Numista, katalogi ya sarafu ya mtandaoni, upate picha ya kulinganisha kabla ya kutoa senti.

Kununua

Kama uko Uswisi, anza na minada ya barabarani: Bürkliplatz mjini Zürich siku za Jumamosi majira ya joto, Petersplatz mjini Basel Jumamosi, Plainpalais mjini Geneva Jumatano na Jumamosi. Nenda asubuhi. Usiulize sarafu za zamani, kwa sababu utaonyeshwa zilizopangwa kwenye albamu na bei yake ya albamu. Uliza kama kuna bakuli la mchanganyiko. Watanzania wanaojua kununua kwa fungu sokoni wana faida hapa: mwuzaji akishaona umechagua sita, bei ya sita si bei ya moja mara sita. Ongea kwa upole, taja bei moja ya kueleweka, unyamaze. Huko kupatana bei kupo, ila kelele hazipo.

Kama uko Dar, Mombasa au Muscat, utategemea mtandao. Ricardo ni soko la Waswisi wenyewe na wauzaji wengi hutuma ndani ya nchi tu, hivyo ndugu au rafiki aliye kule ni mtaji. Nyumba za mnada hutuma mbali, lakini soma ada ya mnunuzi, ambayo mara nyingi hufika asilimia 20 au zaidi juu ya bei ya nyundo, yaani bei ya mwisho iliyotajwa mnadani. Kisha uulize gharama ya kutuma. Posta nyingi haziruhusu sarafu kwenye barua ya kawaida. Lazima iwe ya bima, na bima inaweza kuzidi bei ya rappen yenyewe. Ndiyo maana mimi hununua kwa mafungu mara mbili kwa mwaka badala ya moja moja.

Rappen iliyochakaa ya kantoni iliyopiga nyingi, kama Luzern au Schwyz, huuzwa chini ya bei ya chakula cha mchana mjini Zürich. Inayopandisha bei ni hali nzuri, kwa sababu shaba hizi zilitumiwa na maskini mpaka zikaisha sura, na iliyobaki na ukali wake ni ngeni.

Lugha ya hali ya sarafu

Kijerumani kitakudanganya ukikitafsiri neno kwa neno. Schön maana yake nzuri. Kwenye sarafu maana yake imechakaa sana. Sehr schön, yaani nzuri sana, ni ya wastani tu: ngao inasomeka, vilele vimelala. Vorzüglich ndiyo nzuri kama mimi na wewe tunavyoelewa nzuri. Stempelglanz haijatumika. Katika matangazo huandikwa s, ss, vz na stgl. Wafaransa wana TB, TTB, SUP na FDC, ngazi zile zile kwa mpangilio huo huo. Waitalia wa Ticino wanatumia MB, BB, SPL na FDC, kwa hiyo BB ya mwuzaji wa Lugano haina uhusiano wowote na Strasbourg.

Kwa shaba ongeza maswali mawili ambayo herufi hizo hazijibu: je, imesafishwa? Na je, kuna kijani?

Usisafishe

Bibi yangu alikuwa na birika la shaba, na kila Sikukuu liling'arishwa kwa ndimu na chumvi mpaka unajiona usoni. Nilipopata centime yangu ya kwanza ya Geneva, ya 1840, kahawia kama tende, nilifanya alivyofanya bibi. Nusu ndimu, chumvi kidogo, dakika moja. Ilitoka rangi ya waridi, kama ngozi iliyochubuka. Miale ya jua juu ya ngao, iliyokuwa inaonekana vizuri kwa sababu giza lilikuwa limejaa katikati yake, ikapotea machoni. Kaulimbiu ya Geneva ni ya Kilatini na maana yake ni baada ya giza, nuru. Nilicheka kwa uchungu.

Ule ukahawia si uchafu. Ni utando wa shaba yenyewe iliyotulia kwa miaka mia na zaidi, nao ndio unaoilinda. Ukiuondoa haurudi, na mkusanyaji yeyote atauona wekundu wake kutoka ng'ambo ya meza. Bei inaweza kushuka chini ya nusu. Birika la bibi linastahili ndimu kwa sababu ni birika.

Unachoruhusiwa ni kidogo. Vumbi na mafuta ya mikono: loweka kwenye maji yaliyochujwa madini, yale safi ya kuongezea kwenye betri (si tindikali yake), usiku mzima, kisha kausha kwa kugusagusa, usisugue. Gundi au mabaki laini ya plastiki: asetoni safi ya duka la kemikali, si ya kuondolea rangi ya kucha yenye manukato, karibu na dirisha wazi na mbali na jiko. Hapo ishia.

Kijani kina aina mbili, na lazima uzitofautishe. Kijani kigumu, laini kwa kugusa, kilichoshikana na sarafu kama rangi ni sehemu ya umri wake. Kiache. Kijani cheupe cha unga, kinachotoka kama chokaa ukigusa kwa kijiti cha meno, ni ugonjwa. Unatokana na chumvi ya kloridi ndani ya metali, unakula kwa chini, na unyevu ndio chakula chake. Itenge sarafu hiyo na wenzake siku hiyo hiyo, iweke pakavu kabisa, na kama ni ya thamani mpelekee mtaalamu. Kama si ya thamani, usiinunue tangu mwanzo.

Kuhifadhi, hasa kwetu pwani

Uswisi sarafu hukaa kwenye droo ya mbao miaka 50 bila kelele. Zanzibar au Lamu, hewa ina chumvi na unyevu, na shaba haisahau. Weka kila sarafu kwenye bahasha ndogo ya karatasi isiyo na asidi au kwenye kifuko cha polista. Epuka zile albamu laini zenye harufu ya plastiki mpya: ni za PVC, na baada ya muda hutoa ute wa kijani unaonata. Bahasha zote zitie kwenye kopo la plastiki gumu lenye kifuniko cha kubana, pamoja na vipakiti vya silika, vile vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Vipakiti vikishiba unyevu, badilisha. Shika sarafu kwa ukingo, vidole visiguse uso, kwa sababu alama ya kidole kwenye shaba hujitokeza baada ya wiki na hukaa maisha.

Kila bahasha iandike kwa penseli: kantoni, thamani, mwaka, namba ya katalogi, uzito, kipenyo, umenunua wapi, lini, kwa bei gani. Wino huvuja. Mimi nina daftari pia, na ukurasa wa kwanza una ile centime ya waridi, bei yake na neno ndimu.

Sheria

Ukiwa Uswisi usichimbe. Kwa sheria ya kiraia ya nchi hiyo, vitu vya kale vyenye thamani ya kisayansi vinavyopatikana ardhini ni mali ya kantoni, na kutembea na mashine ya kutafuta metali kwa kawaida kunahitaji kibali cha kantoni. Tangu 2005 kuna pia sheria ya shirikisho kuhusu biashara ya mali za kitamaduni, inayowalazimu wafanyabiashara kuweka kumbukumbu za walikotoa mali. Ndiyo sababu ukipeleka sarafu kuuza dukani utaulizwa jina, na hakuna ubaya. Dai risiti kila mara, hata ya bakuli la mchanganyiko: karatasi yenye tarehe, mahali na saini inatosha. Siku utakapotaka kuuza, au afisa wa forodha atakapofungua kopo lako, karatasi hiyo itaongea kwa niaba yako.

Ukikwama kutambua sarafu, makumbusho hujibu watu. Winterthur kuna Münzkabinett, makumbusho inayoshughulika hasa na sarafu, na chama cha wanasarafu cha Uswisi kipo tangu 1879. Andika barua pepe fupi, ambatanisha picha mbili zilizopigwa kwa mwanga wa dirishani, uzito na kipenyo. Weka rula kando ya sarafu kwenye picha. Na hakikisha mistari ya ngao inaonekana, kwa sababu hicho ndicho kitu cha kwanza watakachokitazama.